Kwa Nini Abiria Wawili wa Ndege Moja Hulipa Nauli Tofauti?

Ukipanda ndege ya Dar es Salaam kwenda Mwanza, muulize jirani yako amekata tiketi kwa shilingi ngapi. Huenda amelipa nusu ya ulicholipa wewe, huenda amelipa mara mbili. Viti vyenu ni vya aina moja, maji mmepewa yaleyale na mtatua dakika ileile. Aliyelipa zaidi huhisi ameibiwa. Kumbe nyuma ya tofauti hiyo kuna hesabu ambayo ndiyo kiini cha uchumi wa menejimenti, yaani uchumi anaofundishwa mtu atakayekaa ndani ya kampuni na kuamua bei iwe ngapi, kizalishwe kiasi gani, tawi lipi lifungwe.

Wengi wetu tukipewa kazi ya kupanga nauli tungejumlisha gharama zote za safari, tukazigawa kwa idadi ya viti, tukaongeza faida kidogo. Hesabu hiyo inaonekana ya haki, lakini haimwambii meneja anachotaka kujua. Saa moja kabla ya safari, karibu kila kitu kimeshalipwa au lazima kilipwe: ndege yenyewe, mishahara ya marubani na wahudumu, ada za uwanja, sehemu kubwa ya mafuta. Je, akija abiria mmoja zaidi, matumizi yanaongezeka kwa kiasi gani? Mafuta kidogo ya kubeba uzito wake na mzigo wake, kinywaji, hayo tu. Wachumi huiita gharama ya nyongeza, na kwenye ndege yenye viti vitupu gharama hiyo ni ndogo mno. Tena kiti kilichoruka kitupu hakirudishwi stoo kikauzwa kesho. Kwa hiyo nauli yoyote inayozidi gharama hiyo ni afadhali kuliko kukosa mtu.

Tatizo ni kwamba ukishusha bei kwa wote, hata yule aliyekuwa tayari kulipa laki nne atalipa hiyohiyo ndogo.

Mashirika ya Marekani ndiyo yaliyolifumbua fumbo hili kwa uchungu. Tangu 1938 serikali ya huko ilikuwa na bodi iliyoamua nani aruke wapi na kwa nauli gani. Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuondoa udhibiti huo, na mwaka 1981 likazaliwa shirika la People Express pale Newark. Nauli zake zilikuwa za chini ajabu. Ukitaka kahawa au ukiwa na sanduku la kukabidhi, unalipia kando. American Airlines, shirika kubwa na la zamani, lisingeweza kushusha gharama zake zifikie kiwango hicho.

Rais wa shirika hilo, Robert Crandall, akaliangalia jambo kwa upande mwingine. Ndege zake zilikuwa zinaruka na viti vitupu kila siku, na viti hivyo tayari vilikuwa angani. Kumweka mtu pale kuligharimu karibu bure, na hakuna mshindani awezaye kushinda bure. Januari 1985 American ikatangaza nauli zilizolingana na za People Express au kuzikaribia, lakini kwa idadi maalumu ya viti tu, na kwa anayenunua mapema na kukubali masharti. Viti vilivyobaki viliendelea kuuzwa bei kamili. Kompyuta zake ziliweza kufuatilia mchanganyiko huo safari kwa safari. Za People Express hazikuweza. Donald Burr, mwanzilishi wa People Express, alikuja kusema kwamba kampuni yake ilikuwa na faida kuanzia 1981 hadi 1985, kisha ikaanza kupoteza dola milioni 50 kwa mwezi. Februari 1987 jina lake lilitoweka angani, likiwa limemezwa na Continental.

Lakini utajuaje uuze viti vingapi kwa bei nafuu? Kanuni iliyotumika ilitoka Uingereza mwaka 1972, kwa Ken Littlewood wa shirika la BOAC, na inaweza kufanyika kwenye karatasi. Tuseme nauli ya mapema ni 180,000 na ya dakika za mwisho ni 400,000. Kumbukumbu za nyuma zinaonyesha uwezekano wa kupata angalau wateja 20 wa dakika za mwisho ni asilimia 60. Kukitunza kiti cha 20 kwa ajili yao kuna thamani ya 400,000 mara 0.6, yaani 240,000, kwa hiyo usikiuze leo kwa 180,000. Uwezekano wa kupata angalau 30 ni asilimia 30 tu: thamani ya kiti cha 30 ni 120,000, basi kiuze haraka. Mpaka uko pale uwezekano unapofika asilimia 45, tuseme kiti cha 25. Hivyo 25 vinatunzwa, na vyote vilivyobaki ni vya bei ya chini. Napenda sana hesabu hii, kwa sababu haiulizi ndege iligharimu kiasi gani kununuliwa. Inauliza tu: nikisema ndiyo sasa, ninaacha nini?

Masharti nayo si ya kusumbua watu bila sababu. Nauli nafuu za Marekani zilijulikana kwa sharti la kulala uendako usiku wa Jumamosi. Anayekwenda kutembelea ndugu halimgusi. Mtu wa mikutano anataka kuwa nyumbani Ijumaa, hivyo anajitenga mwenyewe bila kuulizwa kipato chake.

Kuna mtu mmoja ambaye hesabu hii humuumiza, na sipendi wanaofundisha somo wampite kimya. Aliyepigiwa simu usiku kwamba mama amefariki anakata tiketi ya asubuhi, na kwa kompyuta anafanana kabisa na mfanyabiashara anayewahi mkataba. Baadhi ya mashirika ya Marekani yalikuwa na punguzo kwa wafiwa, mengi yameliondoa. Uwezo wa kulipa na ulazima wa kusafiri ni vitu viwili, na mfumo unaona kimoja.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayofanya mashirika yauze tiketi nyingi kuliko viti, kwa kuwa baadhi ya abiria hawatokei. Wote wakitokea, nani ashuke? Mchumi Julian Simon alipendekeza mnada: shirika litoe dau la fidia, na ashuke kwa hiari anayekubali dogo kuliko wote. Alfred Kahn, mchumi mwenzake, alipoongoza ile bodi ya anga miaka ya 1970, wazo hilo likawa utaratibu. Aprili 2017 huko Chicago, United ilihitaji viti vinne kwa wafanyakazi wake, ikafikisha dau la dola 800, ikasimama hapo, na abiria akaburutwa kutoka kwenye kiti chake mbele ya kamera za simu. Mwezi huohuo United ilipandisha kikomo cha dau hadi dola 10,000.