Babalawo si yule mganga wa kwenye filamu

Wengi wetu tumezijua dini za asili za Nigeria kupitia filamu. Mzee amejifunga shuka jekundu, jicho moja limezungushiwa chaki, mbele yake fuvu na kioo, na mteja amepiga magoti akitaka utajiri wa haraka. Wageni wanaofika kwenye darasa letu la makumbusho huniuliza habari za mzee huyo hata kabla hawajaketi. Jibu langu ni kumwaga mezani kokwa 16 za chikichi, zile zile ambazo mtu wa Kigoma angezibangua apate mise.

Kwa Wayoruba, watu wa kusini-magharibi mwa Nigeria, kokwa hizi huitwa ikin, na ndicho chombo cha kazi cha babalawo, yaani baba mwenye siri. Huzikusanya viganjani, kisha huzinyakua kwa mkono mmoja. Hazienei zote, kwa hiyo hubaki chache. Ikibaki moja, huchora alama mbili kwenye unga uliotandazwa juu ya sinia la mbao. Zikibaki mbili, huchora moja. Vinginevyo hurudia. Akishapata alama za mara nane, mchoro umekamilika, na ukipiga hesabu utaona michoro inayowezekana ni 256. Kila mchoro, au odu, una jina lake na shehena ya mashairi ambayo babalawo ameyahifadhi kichwani kwa miaka ya uanagenzi. Huyaghani, na mwenye shida husikiliza mpaka asikie linalomgusa, ndipo huelezwa sadaka ya kutoa. Utaratibu huu wote huitwa Ifa. Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu usioshikika. Fuvu halimo.

Juu ya yote Wayoruba humweka Olodumare, Mungu Mkuu, na chini yake orisha wengi, yaani miungu wadogo. Shango ni wa radi, na husimuliwa kuwa aliwahi kuwa mfalme wa Oyo. Osun ni wa mto, na msitu wake mtakatifu ulioko Osogbo uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005. Ogun ni wa chuma, ndiyo maana hata dereva na fundi wa magari wana hesabu naye.

Aliyeonewa ni Eshu. Yeye ndiye mpeleka sadaka, mwenye njia panda, mtundu anayewachanganya watu wasiokuwa makini. Karne ya 19, Samuel Ajayi Crowther, mchungaji Mkristo wa Kiyoruba, na wenzake walipoitafsiri Biblia kwa Kiyoruba, jina lake likawekwa mahali pa Shetani. Sisi Waswahili tulikuwa tumeshaliazima neno hilo kwa Waarabu, hatukulazimika kumtoa mtu wa nyumbani. Ukimsikia Mnigeria akimtaja Eshu kwa woga, kumbuka kuna tafsiri katikati.

Kwa Waigbo, watu wa kusini-mashariki, neno la kuanzia ni chi. Kila mtu ana chi yake, sehemu ya uungu aliyozaliwa nayo na inayoshika bahati yake. Chukwu, jina la Mungu Mkuu, ni chi ukwu, chi kubwa. Lakini usidhani mtu hukaa tu akisubiri alichoandikiwa: Waigbo husema mtu akikubali, chi yake nayo hukubali. Wanaume walichongesha ikenga, sanamu yenye pembe inayosimamia nguvu ya mkono wa kulia, na kuna methali yao kwamba ikenga isiyofaa kazi ipasuliwe kuni. Mimi napenda sana ukali huo. Ardhi yenyewe ni mungu, Ala, na kumuua ndugu ni kumnajisi Ala, si kosa dhidi ya marehemu peke yake. Mgeni akifika huletewa kola, kokwa chungu ya kutafuna. Mzee huiombea kwa Kiigbo, kwa sababu, wanasema, kola haisikii Kiingereza. Ikivunjwa, vipande huhesabiwa, na vinne hulinganishwa na siku nne za soko: Eke, Orie, Afo na Nkwo.

Wahausa wa kaskazini ni habari nyingine. Uislamu ulifika Kano karne ya 14, na jihadi ya mwanachuoni Usman dan Fodio iliyoanza 1804 ikaibana zaidi dini ya kale. Wanaoshika dini ya zamani, Maguzawa, wamebaki wachache, ila bori, ngoma ya pepo, haijafa. Hapa msomaji wa Pwani yuko nyumbani. Iska kwa Kihausa ni upepo, na ni pepo vilevile, kama ambavyo maneno yetu mawili yametoka shina moja. Tofauti iko kwa anayepandwa: sisi humwita kiti, wao humwita farasi, doki akiwa mwanamume na godiya akiwa mwanamke. Goge, zeze la uzi mmoja, hupiga wimbo wa pepo fulani, na kila pepo hujulikana kwa wimbo wake na mwendo wake. Yumo hata anayeitwa Malam Alhaji, aliyekwenda kuhiji. Akipanda, farasi wake huinama kama mzee sana, anatetemeka, anatembea polepole akihesabu tasbihi.