RCC haipitishi bajeti

Kila msimu wa bajeti vichwa vya habari ni vilevile: "RCC yapitisha bajeti ya mkoa." Haijapitisha, kwa sababu haina uwezo huo.

RCC ni Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Kwa Tanzania Bara, mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa, aliyeteuliwa na Rais, na katibu ni Katibu Tawala wa Mkoa. Wenyeviti wa halmashauri na mameya wamo, wabunge wamo, na pengine ndiyo maana watu huiona kama bunge dogo la mkoa. Lakini hakuna mwananchi aliyepiga kura kuchagua chombo cha mkoa. Chombo cha kuchaguliwa kiko ngazi ya chini yake: Baraza la Madiwani la kila halmashauri, lenye diwani mmoja wa kila kata, madiwani wanawake wa viti maalumu, na wabunge wa eneo hilo.

Mkanganyiko huu una historia. Mwaka 1972, chini ya Madaraka Mikoani, halmashauri zilifutwa na mipango ya maendeleo ikahamia mikoani na wilayani, mikononi mwa watendaji wa Serikali Kuu. Za miji zilianza kurudi 1978, sheria mpya zikatungwa 1982, na za wilaya zikaanza kazi tena 1984. Kwa miaka hiyo yote mkoa ulikuwa bosi kweli. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 ndiyo iliyoupunguza mkoa ukabaki na sekretarieti ya kusimamia na kushauri halmashauri. Sheria ilibadilika, mazoea hayakubadilika, na wakuu wa mikoa wenyewe hawana haraka ya kuyasahihisha.

Basi bajeti hupita wapi? Vipaumbele huanzia kijijini na mtaani, vinapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, vinafika kwa wataalamu wa halmashauri, kisha Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango, na mwisho Baraza kamili. Hapo ndipo panapopigwa kura. Mkurugenzi wa halmashauri hukaa pembeni ya mwenyekiti kama katibu, anajibu hoja, ila kura hana. RCC hupokea rasimu za halmashauri zote za mkoa na kutoa maoni, ndipo zinakwenda TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa), Hazina na Bungeni. Hata fungu la sekretarieti ya mkoa huidhinishwa na Bunge.

Tofauti hii si ya wanasheria tu. Kikao cha RCC kikisema "kila halmashauri ijenge kitu fulani," kauli hiyo haitengenezi kasma, yaani kifungu cha matumizi kwenye bajeti. Mkurugenzi akitoa fedha kwa kauli hiyo bila Baraza kuidhinisha, hoja ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) humwangukia yeye kama afisa masuuli, yaani mwenye kuwajibika kwa matumizi ya fedha, si aliyetoa kauli. Na ushuru mpya wa mazao hauanzi kutozwa kwa kuwa umetajwa mkoani: unahitaji sheria ndogo iliyotungwa na Baraza, ikaidhinishwa na waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Halmashauri nyingi hujikwaa hatua hiyo ya mwisho, zikaanza kukusanya mapema.

Kugawa mkoa nako ni hivyohivyo. RCC hupeleka mapendekezo, mwenye mamlaka ya kugawa ni Rais, kwa Ibara ya 2 ya Katiba.

Majirani zetu Wakenya wana kitu kingine kabisa. Bunge la kaunti linachaguliwa, linatunga sheria na linaweza kupitisha hoja ya kumwondoa gavana, ingawa uamuzi wa mwisho ni wa Seneti. Kulifananisha na RCC ni kuwaonea wote wawili.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, andika "RCC yashauri" au "yapokea rasimu." Ukitaka kujua nani amepitisha nini, omba muhtasari wa Baraza la Madiwani. Mikutano yake ni ya wazi, unaweza hata kuingia ukakaa.