Sindano ya Damu Yako Mwenyewe kwa Bega Linalouma: Tuelewane Kabla ya Kuchomwa

Mgonjwa wa bega huteseka zaidi usiku. Mchana anajikaza, kazi anaifanya kwa mkono wa pili. Usiku akigeukia tu ubavu unaouma, usingizi umekwisha. Baada ya miezi sita ya hali hiyo, wengi hufika kliniki wameshaamua: "Daktari, nichome ile sindano ya damu yangu mwenyewe." Siwalaumu, mfa maji haishi kutapatapa. Ila kabla mtu hajavua shati, naomba tukae kwanza tuelewane bega limepatwa na nini, na ndani ya bomba la sindano mna nini.

Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na kikombe kinachokipokea begani hakina kina kirefu, mfano wa mpira uliowekwa juu ya kisahani. Kinachouzuia mpira huo usiteleze ni misuli minne inayouzunguka. Kila msuli unaishia kwenye kano, ule ukanda mweupe, mgumu, unaoushikiza msuli kwenye mfupa. Inayosumbua mara nyingi ni kano ya juu, ambayo hupita kwenye uwazi mwembamba chini ya paa la bega, na karibu na inaposhikamana na mfupa hupata damu kidogo. Nyuzi zake zinatakiwa zilale sambamba kama kamba iliyosokotwa vizuri. Zikichakaa, hukatikakatika na kujipanga ovyo. Umri, kisukari, sigara na kazi za kuinua mikono juu ya kichwa vyote huchangia. Ndiyo maana vidonge vya kupunguza uvimbe havimalizi tatizo: shida kubwa hapa ni uchakavu ambao mwili umeshindwa kuukarabati.

Sindano iliyozoeleka ni ya steroidi, dawa yenye nguvu ya kupunguza uvimbe. Hutuliza maumivu kwa wiki kadhaa, na kwa mtu asiyelala huo si msaada mdogo. Lakini utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 708, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba nafuu yake ilikuwa ndogo na ya wiki za mwanzo tu. Ulipotimia mwaka, waliochomwa na wasiochomwa walikuwa sawa. Tena ikirudiwarudiwa inaweza kuidhoofisha kano yenyewe.

Hapo ndipo ilipoingia sindano ya plazima (maji ya damu) yenye chembe sahani nyingi, maarufu kwa kifupi chake, PRP. Muuguzi huchota damu mkononi, kwa kawaida mililita 15 hadi 60, na kuiweka kwenye mashine inayoizungusha kwa kasi. Ikitoka, damu imejigawa matabaka: chini chembe nyekundu nzito, katikati utando mwembamba wa kijivu, juu maji ya manjano. Daktari huvuta sehemu yenye chembe sahani nyingi, zile zinazogandisha damu unapojikata. Katika damu ya kawaida zipo 150,000 hadi 450,000 kwenye mikrolita moja. Lengo ni kuziongeza mara kadhaa, kwa sababu zimebeba protini zinazoziita seli za ukarabati na kuchochea mishipa midogo ya damu iote. Kisha, kwa kuangalia picha ya ultrasaundi ili ncha ya sindano ifike penyewe, mililita chache huingizwa kwenye kano au pembeni yake.

Wazo ni zuri sana, lakini wazo si tiba mpaka lipimwe. Mwaka 2013 madaktari wa Uturuki waliwagawa wagonjwa 40 makundi mawili: wengine walichomwa PRP, wengine maji ya chumvi tu, na wote wakafanya mazoezi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na baada ya mwaka hapakuwa na tofauti. Zipo tafiti nyingine zilizoona PRP ikiishinda steroidi kadiri miezi inavyosonga, hasa pale kano ilipochanika kwa sehemu tu. Kinachotatiza ni kwamba jina ni moja na dawa si moja. Kuna inayobaki na chembe nyeupe na isiyobaki nazo, kuna iliyokolea na iliyo nyepesi. Akikuambia mtu kwamba "PRP inaponya", muulize ipi, na kwa bega lenye tatizo gani.

Msimamo wangu ni huu. PRP naifikiria kwa mwenye kano iliyochakaa au kuchanika kidogo, ambaye amefanya mazoezi tiba kwa bidii miezi mitatu na bado hajalala vizuri. Kano iliyokatika kabisa na kujivuta nyuma haiungwi na maji ya manjano, na kumwambia mgonjwa vinginevyo ni kumdanganya. Wenye maambukizi mwilini, chembe sahani chache au saratani hawafai kuchomwa, na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda waseme mapema.

Picha nayo isikutishe. Huko Marekani mwaka 1995 watu 96 wasio na maumivu yoyote ya bega walipigwa MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, na asilimia 34 walikutwa na michaniko ya kano. Kwa waliozidi miaka 60 ilikuwa asilimia 54. Tunamtibu mtu mwenye bega, hatutibu picha.

Kuhusu "seli shina", yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zinazotangazwa kuotesha kano mpya, nasema wazi: ushahidi wa kutosha haupo, na hatari ipo. Mwaka 2018 mamlaka za afya za Marekani zilitoa taarifa ya wagonjwa 12 waliopata maambukizi ya bakteria baada ya kuchomwa bidhaa za seli hizo zilizotokana na damu ya kitovu cha watoto wachanga. Waliingia kliniki kwa miguu yao kutafuta nafuu ya maumivu, wakaishia kulazwa.

Ukishachomwa PRP, tarajia maumivu kuzidi kwa siku chache. Tumia parasetamoli, uache ibuprofeni na diklofenaki kwa muda utakaoelekezwa, maana huenda zikazuia kazi uliyoilipia. Halafu mazoezi, ambayo hakuna sindano inayoyafuta. Tunaanza hivi: simama ukutani, kiwiko kikiwa kimekunjwa na kubanwa ubavuni, mgongo wa kiganja ukigusa ukuta. Sukuma ukuta kwa nguvu ya wastani, hesabu hadi thelathini, pumzika, rudia mara tano. Maumivu madogo yanayokwisha kabla ya kesho yake asubuhi si tatizo. Yakilala na wewe hadi kesho, punguza nguvu, usiache.

Yupo mmoja ambaye haya yote hayamhusu: aliyeanguka au kuvutwa mkono ghafla, na tangu hapo mkono haunyanyuki. Huyo asitafute sindano wala asijaribu mazoezi ya ukutani. Aonwe na daktari wa mifupa ndani ya siku chache, kwa sababu msuli uliobanduka kwenye mfupa hunywea na nafasi yake kujaa mafuta, na ukishafikia hapo hata upasuaji huwa vigumu kuurudisha.