Haki ya njia: kupita kwenye ardhi isiyo yako

Haki ya njia ni haki ya kupita kwenye ardhi ya mwenzako ili ufike kwako. Ardhi inabaki ya kwake. Huwezi kuijenga, huwezi kuipanda mgomba, huwezi kuiuza. Lakini naye hawezi kukufungia, hata kama jina lililo kwenye hati ni la kwake peke yake.

Haki hii imeshika ardhi, haijashika mtu. Kiwanja cha mbele kinabeba mzigo, kiwanja cha nyuma kinapata faida, na mambo yanabaki hivyo hata wenye viwanja wakibadilika. Cha mbele kikiuzwa, mnunuzi anakichukua pamoja na mzigo wake. Cha nyuma kikirithiwa, mrithi anarithi na njia. Mpangaji anapita, mgeni anapita, muuza maziwa anapita, kwa sababu wote wanakwenda kwenye nyumba ambayo njia ni yake.

Hapo ndipo haki inapoachana na hisani. Mzee wa jirani akikwambia, “Pita tu hapa mwanangu, utazunguka mpaka wapi,” amekufanyia hisani. Anaweza kuiondoa kesho, na akifa, watoto wake hawadaiwi. Kwa macho mambo haya mawili hayatofautiki: ni ule ule mchanga uliokanyagwa ukawa mgumu, ni zile zile nyayo. Tofauti inajitokeza siku kiwanja kinapopata mwenyewe mpya.

Mtaani kwetu, upande wa Temeke, siku hiyo ilifika kimya kimya. Warithi wa nyumba moja ya vyumba sita waliuza. Yakazungushwa mabati, likaja lori la kokoto, jingine la mchanga, nondo zikashushwa, na kabla hatujaulizana vizuri nguzo za ghorofa zilikuwa zimesimama. Ukuta mpya haukufuata mstari wa nyumba ya zamani. Ulisogea nje. Kisha karo la maji machafu likachimbwa nje ya huo ukuta, mfuniko wake ukakaa pale tulipokuwa tunakanyaga. Njia iliyokuwa inapitisha gari la Noah ikawa ya bajaji, na kwenye kona ikawa ya bodaboda.

Mjumbe wetu, mtu mzima, alikwenda kuuliza. Fundi aliyekuwa anasimamia kazi alimwamkia vizuri.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Kijana, hapa palikuwa njia.”

“Mzee wangu, mimi ni fundi tu. Bosi ndiye aliyenionyesha mipaka.”

“Na yeye bosi alionyeshwa na nani?”

Fundi hakuwa na jibu, wala sidhani alikuwa mtu mbaya. Swali la mzee ndilo swali lenyewe la haki ya njia: nani alionyesha mpaka, na majirani walikuwepo?

Miezi michache baadaye nyumba ya nyuma walifiwa na mama yao. Wabebaji walifika kwenye ile kona wakiwa wawili wawili, jeneza mabegani, ukuta huku na huku. Haikuwezekana. Ikabidi wasimame. Wawili wa kati wakatoka, wa mbele akageuka akawa anatembea kinyumenyume, jeneza likainuliwa juu ya vichwa na kupinda nalo pole pole, huku mtu mmoja ameweka kiganja kwenye matofali ili lisikwaruze. Waliokuwa nyuma walinyamaza. Mama yule alikuwa amepita kona ile zaidi ya miaka 30 na ndoo kichwani, wala hakuwahi kuomba ruhusa ya mtu.

Ninaeleza hayo kwa sababu majirani wanapolalamikia jengo jipya, mara nyingi huambiwa wana wivu, au hawapendi maendeleo. Hatukuwa na neno na ghorofa. Tulichotaka ni nafasi ya kupitisha mgonjwa na maiti. Gari la wagonjwa la aina ya Hiace lina upana wa karibu mita 1.7 na gari la zimamoto ni karibu mita 2.5, na hapo hujaweka nafasi ya kufungua mlango wala ya mtu kusimama pembeni. Njia ikipungua ikawa chini ya hapo, nyumba za nyuma zimeondolewa kwenye huduma hizo, hata kama kwa miguu bado unafika.

Barabara ya umma ni habari nyingine. Huko hakuna mwenye ardhi wa kumdai haki, maana kipande chenyewe si cha mtu. Kwa barabara kuu Tanzania, hifadhi ya barabara, yaani eneo lisiloruhusiwa kujengwa, ni mita 30 kila upande kuanzia katikati, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Barabara za mijini na vijijini zinasimamiwa na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanzishwa mwaka 2017. Kwenye maeneo yaliyopimwa, kama Sinza na Kijitonyama, ambayo viwanja vyake vilitokana na mradi wa miaka ya 1970, ramani inaonyesha barabara. Aliyejenga juu yake amevamia, na mpima akileta vifaa vyake na kutafuta bikoni, yale mawe ya mipaka, mabishano yanakuwa mafupi.

Shida kubwa iko kwenye mitaa iliyoota yenyewe. Huko njia ilizaliwa na miguu. Mtu wa kwanza alijenga, wa pili akajenga nyuma yake, wakaachiana nafasi, na hakuna aliyeandika kwa sababu walikuwa wanajuana. Ndiyo maana urasimishaji wa makazi, yaani kupanga na kupima mitaa iliyojengwa bila mpango, unapofika mtaani, jambo la kwanza linalogusa watu ni barabara: kila mmoja anaombwa amege kidogo, huyu ukuta, yule ukumbi wa mbele, ili njia iingie kwenye ramani ya mipango miji kabla ya viwanja kupimwa. Inauma kumega. Lakini njia iliyoingia kwenye ramani haitegemei tena kumbukumbu ya wazee.

Watu wa pwani wameishi na jambo hili kwa karne nyingi. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja na vya Lamu ni vyembamba, tena sana, lakini vimebaki wazi. Lamu, familia iliyotaka chumba zaidi iliweza kujenga wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro kutoka nyumba hadi nyumba, na watu na punda wakaendelea kupita chini yake. Aliyejenga alipata nafasi yake juu, njia ikabaki ya wote chini. Iko pia hadithi ya Mtume iliyopokewa na Abu Huraira, kwamba watu wakigombana juu ya njia, iwekwe dhiraa saba. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kwa hiyo saba ni mita 3 na kitu. Linganisha na lile gari la zimamoto. Kipimo kilichotajwa zama za ngamia waliobeba mizigo bado kinalipitisha.

Sheria ya Ardhi ya Tanzania, Namba 4 ya mwaka 1999, inaitambua haki hii. Mwenye kiwanja anaweza kuitoa kwa maandishi, ikasajiliwa, na tangu hapo inawabana wanaomfuata. Sheria hiyo inatambua pia njia za umma na za jamii, zinazowanufaisha watu wote wa mahali badala ya kiwanja kimoja. Kenya wana utaratibu unaofanana. Mtu ambaye ardhi yake imezungukwa pande zote anaweza kuiomba mahakama impe njia, chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, na sheria yao ya ukomo, ile inayoweka muda wa kudai haki, inatambua njia iliyotumika waziwazi, kwa amani na bila kukatizwa kwa miaka 20.

Haki ya njia ina mipaka yake pia, na hapa majirani tujiangalie. Aliyepewa njia ya miguu hakupewa njia ya gari. Hawezi kuegesha hapo, hawezi kuweka genge la nyanya. Upande wa pili, mjenzi naye hawezi kuchukua njia iliyokuwa ya familia moja akaifanya lango la wapangaji wa vyumba 20 na magari yao, kisha akasema anatumia haki ile ile. Mzigo uliokubaliwa ndio unaobebwa. Ukizidishwa, mwenye ardhi na wanaopita wote wana haki ya kulalamika. Na njia haizibwi kwa ukuta tu. Geti linalofungukia nje, ngazi iliyoshuka mpaka njiani, karo, kifusi kilichokaa miezi minane, vyote ni kuziba, na vidogo hivi ndivyo huachwa vikazoeleka.

Ukiona ukuta unaanza kusogea, muda ni kitu kikubwa kuliko ukali. Msingi wa mawe ni rahisi kuujadili kuliko ghorofa ya pili. Anza serikali ya mtaa, na malalamiko yaandikwe, yasiishie kwenye kikao cha maneno. Omba kuona kibali cha ujenzi na ramani yake, maana mara nyingine ramani iliyopitishwa na halmashauri inaonyesha njia ambayo ukuta umeimeza. Shauri la ardhi hupitia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, si kuamua. Wakishindwa kuwapatanisha ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ndiko unakoweza kuomba ujenzi usimamishwe wakati shauri linasikilizwa. Piga picha za njia mapema, zenye tarehe, na kitu cha kulinganishia upana: mtu amenyoosha mikono, au bajaji imesimama katikati.

Kisha tafuta karatasi za zamani. Hati za mauziano za mitaa yetu, zile zilizoandikwa kwa mkono na kugongwa mhuri wa serikali ya mtaa, hutaja mipaka kwa pande nne: mashariki anapakana na fulani, magharibi na fulani. Sisi tulikaa siku nzima tukiulizana nani bado anayo ya baba yake. Ikapatikana moja kwenye sanduku la bati, imekunjwa mara nne, ya nyumba iliyopakana na ile iliyouzwa, na kwenye mstari wa mwisho imeandikwa kwa wino wa bluu: “Kusini: njia.”

Tukaenda kuomba nakala ya mauziano mapya. Nayo, kwa mpaka ule ule, ilikuwa imeandikwa: “Njia.” Mnunuzi alikuwa ameweka sahihi chini yake. Karo limeshafukiwa na kuhamishiwa ndani. Ukuta bado uko kwenye mazungumzo, na mjumbe ameshapima kwa kamba upana anaoudai, akafunga fundo pale unapoishia.