Hekalu la Sri Mariamman, Singapore: Yasemwayo na Yalivyo

Wengi wakilikuta hekalu hili katikati ya mtaa wa Wachina, barabara ya South Bridge, hudhani liko pasipo pake. Hekalu la Kihindu kongwe kuliko yote Singapore, si lingekuwa Little India, mtaa wa Wahindi? Sivyo. Naraina Pillai, aliyefika mwaka 1819 pamoja na Raffles, Mwingereza aliyeanzisha koloni la Singapore, alipewa kiwanja hapa mwaka 1823, na mwaka 1827 hekalu la mbao na makuti likasimama. Kiwanja cha awali kule Telok Ayer hakikufaa, kwani hakikuwa na maji safi, na ibada ya Kihindu haiendi bila maji.

Hata Pagoda Street, njia inayopita ubavuni, watu hudhani imepewa jina kwa sababu ya pagoda, yaani mnara wa ibada, ya Kichina. Jina limetokana na gopuram, mnara wa lango la hekalu hilihili. Ila mnara huo uliojaa sanamu za rangi si wa 1827. Wa kwanza ulijengwa 1903, na huu wa leo ni wa 1925.

Dhana ninayotamani ifutike kabisa ni kwamba kazi ya hekalu ilikuwa sala peke yake. Wahamiaji kutoka India waliposhuka melini bila ndugu wala mwenyeji, walipewa hifadhi humu hadi wapate kazi na makao. Tena enzi za ukoloni, kuna wakati ni hekalu hili tu lililoruhusiwa kufungisha ndoa za Wahindu mjini. Kwa hiyo mtu aliyelala hapa akiwa mgeni asiye na kitu aliweza kurudi hapahapa kuoa. Bila kulitaja, historia ya Wahindi wa Singapore haisimuliki.

Theemithi, kukanyaga makaa ya moto, nayo huitwa onyesho la watalii. Hapana! Ni nadhiri kwa Draupadi, malkia katika Mahabharata, utenzi mkuu wa Kihindu, na wanaoshiriki hujiandaa kwa mfungo. Kabla ya Deepavali, sikukuu ya taa ya Wahindu, maandamano hutoka hekalu la Sri Srinivasa Perumal, barabara ya Serangoon, hadi hapa, mwendo wa kilomita kama 4. Kuhani mkuu hutangulia juu ya makaa, chungu kitakatifu kichwani, na mwisho wa shimo la makaa waumini hukanyaga maziwa.

Na asiye Mhindu hazuiwi kuingia. Vaa kwa heshima, vua viatu langoni.