Grenache haipimwi kwa rangi

Kila ninapofundisha kuonja mvinyo, huanza na glasi mbili, chupa nimezificha. Glasi ya kwanza ina wekundu uliopauka. Ukiiweka juu ya gazeti, herufi zinasomeka. Ya pili imekolea kama juisi ya zambarau, gazeti lote limemezwa. Nauliza ipi ina pombe nyingi. Karibu wote huinyooshea kidole ya pili. Naitoa chupa: ya kwanza ni ya Châteauneuf-du-Pape, kusini mwa Ufaransa, karibu yote zabibu aina ya Grenache, pombe asilimia 15. Ya pili ni ya zabibu aina ya Syrah, kutoka Cornas, pia Ufaransa, asilimia 13.

Rangi hutoka kwenye ganda la zabibu, pombe hutoka kwenye sukari yake. Grenache ina ganda jembamba, na jua la kusini mwa Ufaransa huijaza sukari kupita kiasi. Mti wake ni mgumu, husimama wenyewe bila waya, kwa hiyo hauyumbishwi ovyo na mistral, ule upepo mkavu unaoteremka bonde la Rhône. Mdomoni utapata stroberi zilizopikwa, joto kooni, ukakasi kidogo tu. Ila hewa ikiizidi huchakaa upesi, na rangi hugeuka ya tofali.

Ndiyo sababu huchanganywa na zabibu za aina nyingine. Syrah huleta rangi na harufu ya pilipili manga, na hapa sisemi kwa mfano: ni rotundoni, kemikali ile ile iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe, iliyotambuliwa na watafiti wa Australia mwaka 2008. Cinsault hulainisha. Carignan ina uchachu mkali; mizabibu mizee ndiyo huitoa vizuri.

Mimi moyo wangu uko kwa zabibu nyingine, Mourvèdre. Huchelewa sana kuiva, na wakulima husema inataka kichwa juani, miguu majini. Huko Bandol, ufukweni mwa Mediterania, sheria hudai iwe angalau nusu ya mvinyo mwekundu, nao ukae miezi 18 kwenye mapipa ya mbao. Ukiwa mchanga unakaza ulimi kama ndizi mbichi na kunuka ngozi na zizi. Niliwahi kuwafungulia wageni chupa changa. Mmoja akaniuliza kwa adabu kama jirani anafuga ng'ombe. Siku hizi naumimina kwenye jagi upate hewa kwa muda wa saa mbili kabla ya kunywa.

Grenache haihitaji jagi. Iweke friji dakika 20, la sivyo pombe itakupanda puani kabla hujaonja tunda.