Je, wajua? Mtu akihama jimbo Marekani, kipato chake kinahamaje?

Ukisikia "New York imepoteza mabilioni, Florida imeyachukua" usidhani kuna lori la noti limepita barabarani usiku. Kilichobadilika ni anwani kwenye fomu ya kodi, basi.

Iko hivi: kila mwaka Mmarekani anapeleka ritani yake IRS, ndo TRA yao, na humo kuna anwani ya nyumbani, sasa IRS wanachukua fomu ya mwaka jana na ya mwaka huu za mtu yuleyule wanazilinganisha, wakikuta jimbo ni lingine wanaandika kaya hii imehama, na kipato kilichotajwa humo kinahesabiwa kimehama nayo. Ulinganisho wa 2020 na 2021 ulionyesha Florida imeongeza zaidi ya dola bilioni 39 ukishatoa walioondoka, California ikapungukiwa kama bilioni 29, New York kama 24.

Mbona Florida? Jua, fukwe, sawa, ila pia jimbo halikati kodi kwenye mshahara, kama Texas na Nevada, wakati California tajiri wa juu kabisa anakatwa mpaka 13.3% na hapo bado hajalipa ya serikali kuu. Kwa mtu wa kipato cha chini wala sio dili kubwa hivyo, maana Texas kodi ya majengo ni ya moto, na wengi ukiwauliza watakwambia wamefuata nyumba za bei nafuu, kazi au ndugu.

Halafu sio kila kipato kinaondoka kweli. Mwalimu akitoka California, nafasi yake inajazwa na mwingine na ule mshahara unaendelea kukatwa kodi palepale. Mstaafu ni habari nyingine kabisa, huyo anaondoka na pensheni yake na tangu 1996 sheria ya shirikisho inalikataza jimbo la zamani kuigusa. Anayeishi kwa gawio la hisa naye hivyohivyo, ndo maana bilionea mmoja tu akifunga mizigo watu wa bajeti wanakosa usingizi.

New York lakini hawakuachii kirahisi. Ukibakiza nyumba kule na ukaonekana zaidi ya siku 183 kwa mwaka, wewe ni mkazi, na hata masaa machache ya mchana yanaweza kuhesabiwa siku nzima. Wakaguzi wanaomba rekodi za simu, risiti za kadi, wanataka kujua albamu za familia ziko nyumba gani na mbwa anatibiwa wapi (mbwa jamani!). Na kama umehamia Miami ila bosi bado yuko Manhattan, unapiga kazi kwa laptop kwa kupenda kwako na sio kwa sababu ofisi imekutuma huko, New York wanaendelea kuukata mshahara huo, yaani kwa takwimu za IRS hela yako ishafika Florida, huku Albany, makao makuu ya jimbo la New York, bado wanaila.